KOROSHO: KANGOMBA HAONDOKI KWA AMRI

Biashara ya mazao nchini Tanzania imehama mlangoni mwa mkulima na kwenda ghalani. Tangu soko la korosho lilipofunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwenye lori, mizani na fedha taslimu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa vijijini Mtwara na Lindi. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwenye zao hilo msimu wa 2007/08, ilimnyang'anya sauti hiyo. Sasa mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, chama huzipeleka ghala kuu, na wanunuzi hushindana mnadani. Tangu msimu wa 2024/25 mnada huo huendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Ufuta na mbaazi nazo zimeingizwa katika njia hiyo hiyo.

Kwa upande wa bei, mabadiliko haya yana faida. Mnada wa kwanza wa chama kikuu cha TANECU, Oktoba 2024, ulifikisha bei ya juu ya shilingi 4,120 kwa kilo. Mnunuzi mmoja anayemkuta mkulima peke yake hana sababu ya kutaja bei kama hiyo.

Hata hivyo kangomba, yaani yule anayenunua korosho kwa bei ya kutupa nje ya mfumo, mara nyingi kabla hata hazijaokotwa, bado yupo. Tufanye hesabu. Tuseme mkulima ana gunia la kilo 80. Kwa bei ile ya TANECU, na tukichukulia makato ya shilingi 300 kwa kilo, atapata shilingi 305,600. Kangomba akimpa shilingi 2,000 kwa kilo, atapata 160,000. Tofauti ni shilingi 145,600, sawa na riba ya asilimia 91 kwa miezi michache. Hakuna benki inayothubutu kutoza riba hiyo, lakini mkulima anaikubali, kwa sababu ada ya shule na mgonjwa havisubiri mnada. Kangomba hauzi bei, anauza muda.

Amri imeshajaribiwa. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, na Novemba Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisafirisha. Ukafanyika uhakiki wa wakulima ili kangomba wanaswe. Nia ilikuwa njema, lakini wakulima wengi walisubiri malipo hadi mwaka 2019. Kila wiki ya kusubiri ilimwongezea kangomba wateja wa msimu uliofuata.

Dawa ni stakabadhi yenyewe. Karatasi inayothibitisha kwamba mali ipo ghalani ni dhamana, na sheria inaruhusu itumike hivyo. Wapo watakaosema jambo hili lilijaribiwa likashindwa. Ni kweli kwamba katika miaka ya mwanzo mkulima alilipwa malipo ya awali, na mengine baada ya mauzo. Bei iliposhuka, malipo ya pili yakapungua, na Aprili 2013 huko Liwale hasira ziliishia kwenye kuchoma nyumba moto. Lakini kosa halikuwa kukopesha. Mkulima aliwekewa matumaini juu ya bei ambayo soko halikuwa limeitaja. Malipo ya awali yawe sehemu ndogo, tuseme theluthi moja ya bei ya chini ya misimu iliyopita, na mkulima aambiwe wazi kwamba kilichobaki kitaamuliwa na mnada. Hata theluthi hiyo inatosha kumwondolea haja ya kangomba.

Mfanyabiashara mdogo naye asisahauliwe. Mnada mmoja huuza maelfu ya tani, na mwenye mtaji wa milioni chache hana pa kushika. Korosho zetu nyingi bado zinasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, huku viwanda 12 vilivyojengwa kwa mikopo enzi za mashirika ya umma vikiwa havikutimiza lengo lake. Mafungu madogo mnadani, kwa ajili ya wabanguaji wa ndani, yangewapa watu hawa kazi halali.

Ushauri wetu kwa wenye mtaji mdogo ni huu: msiweke fedha kwenye kangomba. Faida inavutia, lakini mali ikikamatwa, faida na mtaji vyote vinakwenda. Tazameni usafirishaji kutoka vyama vya msingi, magunia, ubanguaji na pembejeo. Biashara imehamia ghalani, na anayeendelea kusubiri mlangoni mwa mkulima anasubiri soko la jana.