Kusimamishwa shule si mwisho wa masomo

Chapwa, mjini Tunduma, malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hupanga foleni pembeni ya barabara kuu. Kwa vijana wa hapo, kazi ya utingo haitafutwi mbali. Ndiyo maana kijana mmoja wa kidato cha tatu aliporudi nyumbani na barua ya kusimamishwa masomo kwa kuongoza mgomo wa chakula bwenini, baba yake hakuisoma mara mbili.

"Kama shule imekushinda, kesho nakutafutia gari," alisema.

Mama alilia. Baba mkubwa wa kijana, mwalimu mstaafu, aliomba asikilizwe kabla gari halijatafutwa. Akawasimulia habari za Samuel Sitta.

Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Utumishi ulikuwa wa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Walibeba hata bango la kusema enzi za mkoloni zilikuwa nafuu. Rais Nyerere alikasirika, akawafukuza wote warudi makwao. Sitta, aliyekuwa akisoma sheria, alikuwa mmoja wao.

"Hebu fikiria wazazi wake kule Urambo," mwalimu alimwambia mdogo wake. "Mwanao yuko chuo kikuu, wasomi nchi nzima wanahesabika, halafu anarudishwa na Rais mwenyewe."

Lakini Nyerere hakuishia kwenye hasira. Wanafunzi walikuwa wamelalamikia pia mishahara minono ya wakubwa, naye akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Baadaye vijana wengi waliruhusiwa kurudi chuoni. Sitta alirudi na kumaliza shahada ya sheria mwaka 1971.

Mwaka 1975 akawa mbunge wa Urambo. Alishika pia uwaziri na ukuu wa mkoa, akaongoza Kituo cha Uwekezaji, na Desemba 2005 akachaguliwa kuwa Spika wa Bunge. Ni chini ya uspika wake Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond, mwenyekiti wake akiwa mwanasheria mwingine, Dk Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Taarifa iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Mwaka 2014 Sitta aliongoza Bunge Maalum la Katiba. Alifariki dunia Novemba 2016, Ujerumani, akiwa na miaka 73.

Yaani kijana aliyefukuzwa kwa kusema mbele ya wakubwa ndiye aliyekuja kukalia kiti cha kuwapa wengine nafasi ya kusema.

"Kwa hiyo mgomo ni mzuri?" baba aliuliza.

"Sijasema hivyo," mwalimu alijibu. "Wale vijana walikuwa na hoja, lakini lile bango liliwauma watu waliotoka kwenye ukoloni juzi tu. Hoja ni moja, namna ya kuisema ni nyingine. Mwanao umemuuliza hoja yake ni ipi?"

Hakuwa amemuuliza. Kijana akaeleza: maharage yenye wadudu kwa wiki mbili, na kiranja aliyepeleka malalamiko hakujibiwa. Akakiri pia kwamba siku ya mgomo walimwaga sufuria nzima.

Baba akaichukua barua upya. Safari hii aliona kilichoandikwa chini: mzazi afike na mwanafunzi Jumatatu mbele ya bodi ya shule. Kama kijana angekuwa ameshapanda lori, kiti chake kingebaki wazi na maamuzi yangefanyika bila yeye.

Mzazi, barua ya namna hii ikifika mlangoni, isome mpaka mstari wa mwisho. Kusimamishwa si kufukuzwa. Msikilize mtoto kabla ya kumhukumu, kisha mtenganishie mambo mawili: alichodai na alichoharibu. Cha kwanza akieleze kwa adabu, cha pili akiombee radhi. Siku za nyumbani asizitumie kuzurura, daftari zisifungwe. Na siku ya kikao nenda mwenyewe, usimtume jirani. Bodi ikiamua vingine, uliza kwa utulivu kuhusu rufaa.

Jumatatu ile baba na mwana walipanda gari moja kwenda shuleni. Kijana aliomba radhi kwa chakula kilichomwagwa. Bodi ilimpa adhabu ya kazi na kumrudisha darasani, na suala la maharage likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Jioni, baba alimpigia kaka yake simu. "Kaka, ile gari niliyokuwa namtafutia," alisema, "imepata utingo mwingine."