Mgonjwa Asipikiwe Chungu Chake Peke Yake



AlhamduliLlaah, sifa zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) Aliyetupa miili hii iwe amana, na Swalah na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake. Ama ba'd:

Ndugu zetu katika Imani, leo hatutaandika juu ya tajwiyd wala miraathi. Tunataka tuzungumze kuhusu sahani zetu na miguu yetu, kwa sababu hapa kwetu Nyamirambo, mjini Kigali, maradhi ya sukari na presha yamekuwa mgeni asiyeaga, na sisi wenyewe yametubishia hodi.

Jumapili mbili katika kila mwezi, Jiji la Kigali hufunga baadhi ya barabara asubuhi, magari yasipite, watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Utaratibu huu ulianza mwaka 2016, na huwapo pia wahudumu wa afya wanaopima watu bila malipo. Siku moja baada ya Alfajiri, kabla hatujatia kitu mdomoni, tulikwenda kuwasindikiza wanafunzi wetu. Tukaona aibu kuwahimiza wao wapimwe na sisi tumesimama pembeni. Tukachomwa kidole, kipimo kikasoma 121. Muuguzi, binti wa rika la wanafunzi wetu, akatuambia kwa adabu: "Mwalimu, hujaingia ndani, lakini umesimama mlangoni." Akatufahamisha kuwa sukari ya mtu ambaye hajala ikifika 126, na ikathibitishwa kwa kipimo kingine, hicho ndicho kisukari.

Niyyah kubwa, siku chache

Tukarudi nyumbani na azma ya simba. Kuanzia kesho hakuna sukari, hakuna chapati, hakuna mandazi, na kila siku tutakimbia kilomita tano. Siku ya kumi magoti yalikataa. Siku ya kumi na mbili tulialikwa walima, na pilau ikatushinda.

Lakini kilichotushinda zaidi kilikuwa ndani ya nyumba. Mama watoto, Allaah Amjazi kheri, aliuliza: "Baba watoto, nikupikie chakula chako peke yako?" Tukakubali. Ikawa upande mmoja wa mkeka pana chipsi, chapati na soda, na upande wa pili yuko baba na bakuli lake la mboga za kuchemsha. Usiku wa tatu mtoto wetu mdogo akatuangalia kwa huruma, akauliza: "Baba, umefanya kosa gani?"

Tulicheka, kisha hatukupata usingizi. Mtoto alikuwa amesoma somo ambalo hatukukusudia kumsomesha: kwamba chakula chenye siha ni adhabu, na wanaopendwa ndio wanaopewa soda.

Hapo ndipo tulipofahamu jambo tunalotaka kuwausia leo. Wengi wetu tunajua la kufanya. Tumeshaambiwa na madaktari, na kabla yao tumeshaambiwa na Dini yetu: Allaah Ametukataza israfu katika kula na kunywa (Suratul A'raaf, aya ya 31), na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha tuligawe tumbo, theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya kuvuta pumzi. Tunachoshindwa ni kudumu, na tunashindwa kwa sababu tunamwachia mtu mmoja apigane vita vyake huku nyumba nzima ikimla na kumcheka. Mgonjwa asipikiwe chungu chake peke yake. Chungu kiwe kimoja, na kiwe cha afya.

Atasema mtu: vijana wazima wamekosa nini? Tunamjibu kuwa vijana hao ni watoto wa yule aliyesimama mlangoni, damu ni moja na jiko ni moja. Mwingine atasema chakula cha siha ni cha matajiri. Ndugu yetu, maharage, dodo, isombe, viazi vitamu, kabichi na ndizi ni vyakula walivyotulea navyo bibi zetu. Kinachomaliza pesa jikoni ni mafuta ya kukaangia, soda na sukari. Nyumbani kwetu chapati hazikuharamishwa. Zimehamia Ijumaa, na wote tunazingojea pamoja.

Chai ya mgeni

Sifa ya Nyamirambo ni ukarimu, na ukarimu wetu una sukari nyingi. Tuhesabu pamoja. Kikombe kimoja vijiko vitatu, na kwa siku vikombe vinne: vijiko kumi na mbili, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linatutaka mtu mzima asivuke takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na bora zaidi zisizidi 25. Yaani chai peke yake imeshajaza kibaba, kabla ya soda ya mgeni, ambayo chupa ndogo tu ina gramu 30 hivi.

Tunaye mzee wetu mmoja ambaye kila alipokwenda kuzuru watu alisema, "Mimi nina sukari, nipeni maji." Na kila nyumba ilimjibu, "Kidogo tu mzee wetu, usitutie aibu." Mzee ni mtu wa haya, akawa anakunywa. Leo anaswali juu ya kiti mwisho wa safu, mguu mmoja umekatwa. Hatusemi vikombe vile ndivyo vilivyomkata mguu, hayo Anayajua Allaah. Tunachosema ni kwamba alituomba msaada kwa miaka, na sisi tukamjibu kwa kijiko. Nasi nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya nyumba hizo.

Basi chai iletwe bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe pembeni, kila mtu ajitilie. Huo si ubakhili. Ubakhili ni kumnyima ndugu yako afya yake ili usemwe vizuri.

Miguu nayo ina haki

Husikia watu wakisema, "Sisi tunaswali mara tano, hayo ndiyo mazoezi." Hapana, ndugu zetu. Swalah ni ibada, na hatuiswali kwa ajili ya viungo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametukumbusha kuwa mwili una haki juu yetu, na haki hiyo ina wakati wake.

Sisi tuliacha ndoto za kilomita tano, tukaacha na pikipiki ya kutupeleka madrasa. Kushuka kilima ni dakika 15, kukipanda 15. Kwa siku tano ni dakika 150, nazo ndizo kiwango cha chini ambacho mtu mzima anahimizwa kukitimiza kila wiki. Hakuna ada wala viatu vya bei.

Na akina baba, tusiwafungie wake zetu mlango huu. Imepokewa katika Sunan Abi Daawuud kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishindana mbio na mama yetu 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anha): mara ya kwanza akashinda yeye bibi, na baadaye alipoongezeka mwili akashindwa, na Mtume akamtania kwa upole kuwa ni moja kwa moja. Hakumkebehi kwa unene wake, alikimbia naye. Wangapi miongoni mwetu tunajua kukebehi tu? Tembeeni pamoja baada ya Alfajiri, kwa sitara na heshima.

Nasi walimu tujirekebishe. Miaka mingi tumemzawadia mtoto aliyehifadhi Surah kwa peremende na soda. Siku hizi tunampa kalamu, au parachichi kutoka mti wa uani.

Miezi minane imepita. Kijiko kimoja kimebaki katika kikombe chetu, tulivipunguza polepole hata ulimi haukulalamika. Kipimo cha mwisho kilisoma 108. Si ushindi wa kupigiwa dufu, na zipo wiki tunazoteleza. Lakini tunapoteleza hatuko peke yetu, na kesho yake tunarudi pamoja. Tumefundishwa kuwa amali Anazozipenda zaidi Allaah ni zile zinazodumu, hata zikiwa kidogo.

Tunawaomba jambo moja tu kwa wiki hii: kaeni kama familia, mchague badiliko moja dogo ambalo wote mtalifanya, mzima na mgonjwa, mkubwa na mdogo. Na mwenye maradhi tayari asibadilishe dawa wala asifunge kabla ya kumuuliza daktari wake.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu, na Atujaalie nguvu za kumuabudu mpaka uzeeni. Aamiyn.

Wa biLlaahi tawfiyq. Wassalaamu 'alaykum.