Pingu Wanazo, Kipimo Hawana



Wiki iliyopita picha yangu ilizunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, Mbeya mpaka Iringa, na maelezo kwamba kijana mbunifu amekamatwa kwa sababu ya kipaji chake. Nawashukuru kwa moyo wenu. Wengine mmepiga simu, wengine mmenitumia hela ya nauli. Lakini habari ile ilikuwa nusu. Nusu ya pili naileta mwenyewe leo, na kuna watu haitawafurahisha.

Tuanze na nusu mnayoijua. Ndiyo, nilikamatwa. Nilikuwa kwenye basi natoka Mbeya kwenda Iringa, na kwenye begi nilikuwa na tochi tatu za leza nyekundu nilizotengeneza kwa mkono wangu, mzigo wa mteja wa Mlandege. Njiani basi likasimamishwa, mabegi yakafunguliwa, nikashushwa. Kituo nilichopelekwa sikitaji, sina ugomvi binafsi na mtu yeyote pale.

Afande wa zamu akaichukua moja, akaiwasha, akachora duara ukutani. Halafu, kwa utani, akammulika mwenzake usoni. Nikapiga kelele: "Afande, usimulike machoni, inapofusha!" Nikaambiwa nikae chini, ninyamaze. Nililala pale. Asubuhi nikaandikishwa jina, nikapewa onyo nisitengeneze silaha, nikaachiwa. Tochi zilibaki, na mpaka leo sijui ziko wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika usiku ule mzima hakuna aliyeniuliza tochi ile ina nguvu kiasi gani. Hakuna aliyenionyesha kifungu cha sheria. Kama ni silaha, mbona niliachiwa bila shtaka? Kama ni mchezo wa watoto, mbona nililala sakafuni? Jibu ni jepesi: hawakujua. Walikuwa na pingu, hawakuwa na kipimo.

Hiyo ndiyo nusu yenu. Hii hapa ni ya kwangu.

Tochi zangu zilikuwa hatari kweli. Moyo wa tochi niliutoa kwenye mashine mbovu za kuandikia DVD, zile zinazouzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Mwanga unaoweza kuunguza data kwenye diski unaweza kuunguza vitu vingine pia. Kipimo changu kilikuwa njiti ya kiberiti: ikiwaka, mzigo uko tayari. Nikauza 14, shilingi 45,000 kila moja, Mwanjelwa, Uyole na Iringa Mjini. Wanunuzi walikuwa walinzi wa usiku, wakulima wanaosumbuliwa na ngedere shambani, na vijana wa kutamba tu. Mmoja aliniambia waziwazi anaitaka kwa ajili ya kipa wa timu pinzani. Nilicheka, nikapokea hela.

Ngoja niseme namba, maana siasa bila namba ni kelele. Jicho la binadamu hujikinga kwa kupepesa ndani ya robo sekunde hivi. Kwa leza isiyozidi miliwati 1, robo sekunde hiyo inatosha kukulinda. Kuanzia miliwati 5 hadi 500 ni daraja ambalo viwango vya kimataifa vinalihesabu kuwa hatari kwa jicho, hata kama mwanga umepita mara moja tu, hata kama umerudishwa na kioo. Kwa aina ya mashine nilizokuwa nabomoa, makadirio ya tochi zangu ni zaidi ya miliwati 100. Yaani mara mia ya kile ambacho kope zinakimudu. Na nyekundu ina hila yake: jicho halioni vizuri rangi ile kama linavyoona kijani, kwa hiyo mtu huona mwanga wa kawaida wakati moto ni uleule.

Nimejuaje? Sikufundishwa. Siku moja nilikuwa najaribu tochi mpya chumbani, mwanga ukagonga kioo cha kunyolea, ukarudi. Haukuuma hata kidogo. Lakini tangu siku ile jicho langu la kushoto lina doa. Nikisoma, kuna herufi inapotea katikati ya neno. Daktari ameniambia sehemu ile ya nyuma ya jicho ikishaungua, hairudi. Nimeacha kuuza kuanzia hapo? Hapana, makamanda. Niliuza nyingine nne. Zile tatu za kwenye basi zingekuwa nyongeza.

Kwa hiyo msinifanye shujaa. Nimewapigia wateja niliokuwa na namba zao, nimewaambia wazivunje, na anayetaka hela yake nitamrudishia kidogokidogo. Kama tochi yangu iko kwako na unasoma hapa, ivunje leo.

Najua kuna atakayesema: "Kumbe polisi walikuwa sahihi." Hapana, bwana. Polisi aliyejua hatari asingemmulika mwenzake usoni. Serikali iliyojua hatari ingezifuata zile 14 nilizokwisha kuuza, wala isingeridhika na tatu za kwenye begi. Ingeingia pia madukani, ambako leza kutoka nje zinauzwa hadharani kwenye meza za chaja na vifuniko vya simu, na kibandiko kinachosema chochote. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima leza 122 za mkononi. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 ya nyekundu zilikiuka kanuni za usalama za nchi ile. Ni bidhaa za kiwandani hizo, zenye vibandiko, huko kwa wakubwa! Sasa niambie zilizopo Mwanjelwa zikoje. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyezipima.

Na msidhani kipimo ni kitu cha mabilioni. Watu wa NIST walitengeneza kifaa chao kwa vipuri vya kununua dukani, kwa gharama ya chini ya dola 2,000, ili na wengine waweze kukiiga. Dola 2,000! Linganisha na shangingi moja linalosubiri nje ya ofisi huku injini inaunguruma na kiyoyozi kinapuliza kiti kitupu.

Leza yenyewe si uhuni. Ya kwanza duniani iliwashwa Marekani tarehe 16 Mei 1960 na Theodore Maiman, na ilikuwa nyekundu kama zangu. Leo inasoma bei dukani, inasafirisha intaneti kwenye mkongo, inatibu macho. Mafundi wetu wa vigae wananyoosha ukuta kwa mstari mwekundu wa leza dhaifu, kifaa cha kuagiza nje. Kijana anayeweza kutengeneza hatari ya miliwati 100 anaweza kabisa kutengeneza kifaa salama cha fundi vigae. Kinachokosekana katikati ni mtu wa kumwambia: hii imezidi, punguza hapa, funika pale, rudi Ijumaa tupime tena.

Huyo mtu yuko wapi? Kabla ya kukamatwa niliingia kwenye ofisi moja ya umma nikaweka tochi mezani. Niliulizwa andiko la mradi liko wapi na kikundi changu kina watu wangapi. Kikundi! Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudishwa 2024, na bado kijana anatakiwa aje na kikundi. Kwa bodaboda na kuku sawa. Lakini kichwa kinachobuni kitu kipya kwa kawaida ni kimoja, nacho kiko chumbani peke yake na kiberiti.

Nitakuwa mkweli: serikali hii haijakaa bure kabisa. Tangu 2019 kuna mashindano ya MAKISATU, na vijana wamepata vyeti na picha na waziri. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO anaweza kusaidiwa apate alama ya TBS, na watu wa unga na sabuni wamenufaika. Hongera. Lakini aliyebuni kitu cha umeme mtaani akimaliza kupiga picha anarudi kwenye kiberiti chake. SIDO ilianzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Leo muulize kijana wa Mbeya Sido ni nini, atakuelekeza sokoni Mwanjelwa. Jina limebaki kwenye soko, kazi imesahaulika vichwani mwa watu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kiko hapahapa Mbeya. Nimepita mbele ya geti lake mara nyingi nikiwa na tochi mfukoni, na sikuwahi kuona kibao kinachosema fundi wa mtaani anakaribishwa.

Na sisi je? Mbeya Mjini na Iringa Mjini zilikuwa na wabunge wetu kuanzia 2010 hadi 2020. Baada ya uchaguzi wa 2015, hata meya wa Jiji la Mbeya na wa Manispaa ya Iringa walitoka kwetu. Najua tulivyobanwa, najua fedha zilivyohamishiwa juu, najua kesi. Lakini nimekumbuka mikutano yetu yote niliyohudhuria, na sikumbuki hata mmoja ambao karakana ya wazi ilikuwa hoja. Kijana akikamatwa tunapost. Kijana akiungua jicho, kimya. Tukifanya hivyo hatuna tofauti na yule afande: naye aliona tochi, hakumwona mtu.

Wapo watakaosema leza ni jambo dogo. Waulize wapenzi wa mpira. Tarehe 29 Machi 2022, Senegal na Misri zilipopigiana penalti kule Dakar, uso wa Mohamed Salah ulijaa mwanga wa leza, akapaisha. FIFA ikaitoza Senegal faini ya faranga za Uswisi 175,000, leza zikiwa miongoni mwa makosa. Uwanja wa Sokoine uko jirani na wateja wangu. Ndege za Songwe zinatua jirani na wateja wangu. Rubani akimulikwa wakati anatua, hatutauliza alikuwa chama gani.

Kwa hiyo naomba tubebe hoja tatu kwenye vikao vya kata mpaka mkoa. Moja, Mbeya na Iringa kila moja iwe na karakana ya umma yenye vipimo, na fundi akileta kitu chake kipimwe bila kuitiwa polisi. Mbili, sehemu ya ile asilimia 4 ya vijana impe mkopo mbunifu mmojammoja, kazi yake ikishapimwa. Tatu, leza zote za mkononi zinazouzwa, za nje na za kwetu, zipimwe. Zinazozidi kiwango ziondolewe sokoni, na hata za kwangu zisipewe upendeleo.

Hoja ya tatu inanigusa mwenyewe, na naikubali. Sheria inayopima naiheshimu hata ikinikataza. Inayokamata bila kupima sitaiheshimu, kwa sababu haijamlinda mteja wangu, haijamlinda yule afande, na haikulilinda jicho langu.

Jumamosi kikao cha kata kitakaa. Nitakuja na tochi moja niliyoivunja, muione ndani ilivyo. Njooni na maswali.