Njagu naye ana kichwa, jamani!

Najua mlikuwa mnasubiri niendelee na ile mada ya mabinti wanaopenda wenye magari. Ipo, haiozi. Wiki hii naomba tumwongelee mtu ambaye wengi wetu tukimwona kwa mbali tunavuka barabara: njagu.

Ndiyo, njagu. Afande. Yule anayekusimamisha saa saba usiku ukitoka disko, akuulize unatoka wapi, unakwenda wapi na macho mekundu ya nini. Tunamteta, tunamwogopa, tunamtungia utani. Ila hakuna anayejiuliza, huyu bwana akirudi kota analala vipi?

Hebu fikiria kazi yenyewe. Basi likipinduka, anayeitwa kukusanya miili ni yeye. Mtoto akibakwa, maelezo anaandika yeye. Mtu akijinyonga, kamba anakata yeye. Wewe ukiona ajali moja tu pale Kimara unasimulia kijiweni mwezi mzima, na nyama huli. Mwenzio kaona ya kwake Jumatatu, Jumanne kapangiwa lindo benki na bunduki begani, kama vile jana hakikutokea kitu. Ukiumizwa wewe, yeye ndiye anakuandikia PF3 ukatibiwe. Yeye akiumia kichwani, huko ndani kusikovuja damu, PF3 anaandikiwa na nani?

Nina mshikaji wangu, tulimaliza wote sekondari. Yeye akaenda kupiga depo Moshi, mimi nikaishia kwenye kalamu. Jina simtaji, kituo sikitaji, wala msinisumbue. Siku moja tunakula zetu chipsi akaniambia usingizi umemkimbia tangu alipokwenda kwenye ajali ya basi. Akifumba macho anasikia simu zinaita kwenye mifuko ya marehemu, na hakuna wa kuzipokea.

Nikamwambia, "Si uende kwa daktari wa akili?"

Akacheka kicheko kibaya. "Kaka, unataka wanangu wale nini? Nikionekana pale, kesho kituo kizima wananiita wa Mirembe. Keshokutwa bunduki wanachukua. Mtondo cheo ndiyo basi tena. Acha nife na langu."

Basi anajitibu mwenyewe kwa ulabu. Asubuhi ananyoosha gwanda, anaingia kazini.

Hapo ndipo penye noma, wasomaji wangu. Hakuna bosi aliyemtisha. Hakuna barua aliyoandikiwa. Kinachomzuia ni kwamba hajawahi kuona mahali palipoandikwa wazi: ukitibiwa kichwa, kazi yako ipo. Na mtu mwenye mke, watoto wawili na mkopo hawezi kucheza kamari na mshahara.

Nikaamua kupekua sheria. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imewatoa polisi, pamoja na JWTZ, magereza na JKT. Zile ngao za mfanyakazi wa kawaida, kwamba mwajiri hawezi kukuachisha kazi bila sababu ya haki, hapo hazimgusi afande. Ila sheria hiyohiyo imewaachia askari vifungu vichache, na kimojawapo ni cha 7, kinachokataza ubaguzi kazini. Ukikisoma kinataja kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, na kinataja waziwazi Ukimwi. Maradhi ya akili hayakutajwa kwa jina. Mwanasheria mzuri anaweza kuyaingiza kwenye ulemavu, sawa. Lakini mshikaji wangu hataki kesi. Anataka usingizi.

Hebu turudi kwenye huo Ukimwi. Wakubwa zetu wanakumbuka miaka ya 90, mtu alikuwa tayari afe kimyakimya kuliko kupima, kwa sababu majibu yakivuja kazi hana, mchumba hana, hata kikombe chake kinatengwa. Kilichowatoa watu mafichoni ni dawa, ni ushauri nasaha, na pia ni sheria kusema hadharani kwamba huyu hafukuzwi. Kumbe tunajua namna ya kufanya. Kwenye kichwa tumechelewa tu.

Wenzetu nao wamepitia humuhumu. Januari 2017 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu polisi wa Chicago. Kwa hesabu za chama chao askari hao, kujiua kwao kulikuwa juu ya wastani wa polisi wa nchi nzima kwa zaidi ya asilimia 60. Jeshi lenye askari zaidi ya 12,000 lilikuwa na washauri nasaha watatu. Watatu! Hata daladala lina abiria wengi kuliko hao.

Jimboni kwao, Illinois, kumiliki bunduki lazima uwe na kadi ya serikali. Ukilazwa kwa maradhi ya akili, kadi inachukuliwa. Na idara za polisi zilikuwa zinataka askari awe na kadi hiyo ndipo abaki kazini. Piga hesabu mwenyewe: ukilazwa, kadi hakuna, kazi hakuna. Nani angekwenda? Mwaka 2018 jimbo likapitisha sheria: askari aliyepoteza kadi kwa sababu tu alitibiwa, na hajaonekana kuwa ni hatari, asiachishwe kazi kwa ajili ya kadi hiyo. Haikumaliza matatizo yao yote, ila imeandikwa, na askari anaweza kumwonyesha mkewe.

Sasa nawasikia mnasema, "Kwa hiyo wewe unataka mgonjwa abebe SMG mtaani kwetu?" Hapana. Daktari akisema bunduki ikae stoo miezi mitatu, ikae. Afande apewe kazi ya kuandika, au alale nyumbani atibiwe. Bunduki ni kitu kimoja, kazi ni kingine. Tatizo ni pale mtu anapoamini kwamba vyote viwili vinaondoka pamoja. Huyo haendi hospitali. Huyo anaficha. Na anayeficha ndiye anayetembea na SMG leo usiku, na ulabu kichwani.

Halafu kuna hili. Kwa sheria yetu, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Yaani afande akizidiwa, akajaribu, akaokolewa, anageuka mtuhumiwa, pengine kwenye kituo chake mwenyewe, na anayemwandika maelezo ni mwenzake wa kota. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Sisi tunangoja nini?

Mimi si mbunge wala si daktari. Ningepewa nafasi ningeomba mambo matatu tu. Kwanza, maradhi ya akili yatajwe kwa jina kwenye kifungu cha 7, kama ulivyotajwa Ukimwi. Pili, afande aweze kuonana na mshauri aliye nje ya kituo, na faili lisipite kwa bosi wake. Tatu, akipona arudi kwenye nafasi yake, na iandikwe hivyo.

Na sisi wa mitaani tuna letu. Mirembe ni hospitali, iko Dodoma, watu wanaingia wanaumwa na wanatoka wamepona. Tumeigeuza tusi la kijiweni. Kila unapomtania mtu "wewe wa Mirembe", kuna afande pembeni anacheka na wewe, na moyoni anaapa kwamba yeye daktari hamwoni ng'o.

Mshikaji wangu bado halali. Nimempa namba ya daktari mmoja, kaiweka mfukoni. Anasema ataifikiria.

Wiki ijayo mabinti na magari, naahidi. Tuonane panapo majaliwa.