Fahali Wamepatana, Nyasi Je?

Liko jambo ambalo wanasiasa wasingependa tulikumbuke hapa Nakuru. Mnamo Januari 2008 majirani waliuana mjini humu na Naivasha kwa sababu ya kura. Desemba 2012 viongozi wa pande hizo hizo, Bw Uhuru Kenyatta na Bw William Ruto, walitangaza muungano wao katika uwanja wa Afraha. Kufikia uchaguzi wa 2022 walikuwa wametengana tena.

Ndiyo maana nathamini kazi ya Profesa Gabrielle Lynch, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Kitabu chake cha 2011 kinaonyesha jinsi utambulisho wa Wakalenjin ulivyojengwa katika karne ya 20, na jinsi hofu kuhusu ardhi inavyotumiwa kuwagawanya wapigakura. Hakuishia hapo. Kitabu chake cha 2018 kilichunguza safari yetu ya kutafuta ukweli, haki na maridhiano.

Safari hiyo haijafika. Ripoti ya tume ya ukweli iliwasilishwa Mei 2013, na mapendekezo yake mengi hayajatekelezwa.

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mimi naongeza kuwa fahali hao wakipatana, nyasi hazinyanyuki zenyewe. Basi wananchi wa Molo, Njoro na Kuresoi wasimwulize mgombea yumo chama gani. Wamwulize ataitekeleza lini ripoti hiyo.