Haki ya Maskini Hupitia Mikononi mwa Mtumishi

Ukisoma nyaraka zetu, huoni upungufu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo ameahidiwa matibabu bila malipo. TASAF inatoa ruzuku kwa kaya maskini. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sasa tazama Mbulu na Hanang. Mzee wa Yaeda Chini anayetafuta msamaha wa matibabu huhitaji barua ya mtendaji wa kijiji, uthibitisho wa afisa ustawi wa jamii, kisha tabibu wa kumhudumia. Kiti kimoja kikiwa kitupu, haki imekatika. Tena hakuna aliyemnyima. Kwa hiyo hana uamuzi wa kuukatia rufaa. Anaambiwa tu, “Njoo wiki ijayo.”

Mwenye fedha hahitaji barua ya mtu. Hulipa, akatibiwa. Hivyo uhaba wa watumishi ni kodi ambayo haikupitishwa na Bunge, na mlipaji wake ni maskini.

Uhaba huu haukushuka kama mvua. Mwaka 2016 serikali ilisitisha ajira mpya. Mwaka 2017 watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Kuwaondoa kulikuwa halali. Kuchelewa kuziba mapengo yao kulikuwa uamuzi wa kisera, na ajira zilizofunguliwa baadaye hazijamaliza deni hilo.

Wapo wasemao kwamba bajeti haitoshi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini maporomoko ya Desemba 3, 2023 yalipoikumba Katesh, madaktari na maafisa ustawi wa jamii walipelekwa Hanang kutoka kwingineko kwa muda mfupi. Tulijifunza kwamba mtumishi hupatikana pale shida inapoonekana. Shida ya mzee anayerudishwa nyumbani kimyakimya haipigwi picha.

Basi na ionekane. Kila halmashauri ibandike kwenye mbao za matangazo vijijini, kando ya taarifa ya mapato na matumizi, ikama ya watumishi wake: nafasi zinazotakiwa, zilizojazwa na zilizo wazi. Wananchi wawaulize madiwani wao kwa takwimu hizo. Ahadi ni deni, na deni la serikali hulipwa na mtu aliyeketi ofisini.