Majina Yakae Ndani ya Jalada

Ndugu wanamuziki mnaotoa albamu kwa fedha za mfukoni, hongereni. Kazi ya studio imekwisha, na sasa mpiga chapa anawauliza: kasha la plastiki au jalada la kadi? Nawaombeni mchague kadi, tena ile ya kukunjua, yenye nafasi ya maandishi.

Plastiki sote tunaijua. Kasha likianguka mara moja tu, bawaba zinakatika. Yale meno ya katikati yakivunjika, CD inachezacheza ndani na kuchubuka. Kadi ni nyepesi kwa posta na haivunjiki. Adui yake ni unyevu wa pwani, kwa hiyo mwambieni mpiga chapa aipake vanishi. Bahasha tupu ya kadi ndiyo nafuu zaidi, lakini haina mgongo wa kuandikia, na ikipangwa rafuni haionekani. Mkiweza, ongezeni kijitabu. Kurasa zake huenda kwa nne nne.

Kijitabu hicho ndicho hasa ninachokipigania. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda Bombay kurekodi santuri. Wenzake, kina Subeti bin Ambar na Mbaruk Talsam, tunawataja hadi leo kwa sababu wapo walioyaandika majina yao. Je, wapiga fidla na qanuni wangapi wa kanda za miaka ya 1980, zile zilizouzwa na kava la fotokopi, tunaweza kuwataja? Sauti zao tunazo, wenyewe hatuwajui. Hilo linaniuma. Na leo, muziki ukisikilizwa kwenye simu, kinachotangulia ni jina la mwimbaji na picha ndogo, basi.

Andikeni kila mtu: aliyetunga shairi, aliyetia muziki, mpiga udi, akodiani, besi, waitikiaji, fundi mitambo, na mahali na mwaka mliporekodi. Mashairi yachapwe yote. Herufi nyeupe ndogo juu ya picha ya giza zinapendeza kwenye kompyuta, lakini kwenye karatasi wino unazimeza. Wekeni herufi nyeusi juu ya rangi nyepesi.

Nanyi wasikilizaji, mkikuta albamu zinauzwa mlangoni baada ya onesho, nunueni, kisha mfungue kijitabu na kuulizia ambaye hakutajwa.

Wanamuziki, ombi langu jingine ni dogo. Kabla kazi haijaingia mtamboni, mpelekeeni mpiga dumbak nakala ya majaribio, alisome jina lake mwenyewe.